Upande wa Mama Haukuulizwa

Watu wakija ofisini kwetu mara ya kwanza humpita Lul Korane bila kumwona. Wanamtafuta profesa. Wanamkuta mama wa makamo aliyejitanda shungi jeusi, thamosi ya chai mbele yake, miwani imefungwa kamba isipotee, wanadhani ni wa kupokea wageni. Humuuliza, "Mhariri yuko wapi?" naye huwaonyesha mlango wa Daktari Abdilatif Bare kwa adabu zote. Baadaye makala zao zinaporudi na maswali kumi na saba, kila swali kwa wino wa kijani, ndipo wanapouliza wino huo ni wa nani. Mimi hukaa pembeni nikicheka. Nimecheka hivyo kwa miaka kumi na mmoja na bado sijachoka.

Mimi ni Gelle, mpanga kurasa. Jarida letu linahusu mifugo na maisha ya nyanda kame, linatoka mara mbili kwa mwaka, na linatolewa na taasisi ndogo ya utafiti hapa Garissa: vyumba vitatu vilivyoezekwa mabati, na mashine moja ya kupoza hewa ambayo kazi yake kubwa ni kupiga kelele. Hatujulikani sana. Lakini daktari wa mifugo wa Wajir anatusoma, mwanafunzi wa chuo anatusoma, na mwenye duka la dawa asiyeweza kununua vitabu anatusoma bure kwenye simu yake. Lul ndiye katibu wa uhariri. Hana shahada. Ana cheti cha ukarani na kichwa ambacho, wallahi, ningekuwa nacho mimi nisingekuwa nikipanga kurasa za watu.

Alizaliwa Kotile, upande wa Ijara, binti wa mfugaji ambaye hakuwa na mpango wa kumsomesha. Mwalimu mmoja ndiye aliyemwona akichunga. Alimuuliza mbuzi yule mwenye doa ni wa nani, na mtoto akajibu kwa kutaja mama wa yule mbuzi, na mama wa mama yake, na mama wa huyo, mpaka vizazi vitano, tena akionyesha kwa kidole waliokuwa bado hai. Mwalimu akamwendea baba mtu na kumwambia kwamba kichwa hicho kikiachwa porini itakuwa dhambi. Baba alibisha msimu mzima, kisha akakubali.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa karani katika soko la mifugo hapa mjini, akiandika vibali vya kusafirisha wanyama. Karani mwingine huandika anachoambiwa. Lul alikuwa akiinuka kitini, anatoka juani, anatazama alama ya moto kwenye paja la mnyama, anatazama meno, ndipo anarudi kuandika. Madalali walimchukia. "Siandiki ng'ombe sijamuona," ndilo lilikuwa jibu lake, na madalali wakampa jina la Indho, yaani Macho, kwa kumkejeli. Mtu asiyejua watu wetu atadhani alikasirika. Alilipenda jina lile, na hadi leo simu ikipigwa na mtu wa soko huitika kwalo.

Sasa niwaeleze kazi yake kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Makala ikifika, haichapishwi hivi hivi. Inapelekwa kwa wahakiki wawili, wataalamu wa nje, waisome kwa ukali na waseme kama inafaa. Mhakiki hatakiwi kuwa mtu wa mwandishi. Hilo ni sharti la dunia nzima, na mahali pengine wanalimaliza kwa kumtaka mhakiki atie sahihi kwamba hana uhusiano na mwandishi. Lul alipoiona ile fomu mara ya kwanza alicheka. Huku kwetu, mtu ukimuuliza kama ana uhusiano na fulani, atasema hana, naye hasemi uongo: fulani ni binamu tu wa babu wa saba, nani anahesabu huyo? Kwa hiyo Lul alitunga njia yake. Alimpigia simu mwandishi, akampigia mhakiki, na kila mmoja akamwomba ataje nasaba yake, ile tunayoiita abtirsi: jina lako, la baba yako, la babu yako, kwenda juu. Kila mtoto wa Kisomali anaijua kabla hajajua kuvaa viatu. Lul aliandika majina katika daftari kubwa, safu mbili, na zikikutana chini ya babu wa kumi, mhakiki huyo anaachwa. Maprofesa walisafiri kutoka mbali kuja kutueleza maadili ya uchapishaji. Walipoliona daftari lile walitoa simu wakalipiga picha.

Na alikuwa na sheria nyingine. Mambo ya nyumbani, salamu, chai, wagonjwa, alisema Kisomali. Mambo ya jarida alisema Kiswahili, hata na mimi niliyezaliwa Bulla Iftin, mtaa wa hapa hapa, na mama yangu anayejua maneno matatu tu ya Kiswahili. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Kisomali kikiingia, ndugu naingia na yeye. Utasikia adeer, utasikia eeddo, mara umesema haye, umekubali. Kiswahili haina mjomba yangu ndani." Kiswahili chake hakina adabu ya sarufi, na p mara nyingine humgeukia b, ila hakuna aliyewahi kukosa kukielewa.

Basi. Mwaka juzi tulichapisha makala ya Salah Awil, mhadhiri kijana, mtu mpole na mchapakazi. Ilihusu dawa ya minyoo ya mbuzi. Salah alikuwa ameifanyia majaribio Kotile na vijiji vya jirani, na matokeo yake yalifurahisha: kipimo kikizidishwa mara mbili, minyoo inaisha kwa dozi moja, na hata mbuzi wenye mimba hawapati madhara. Huku kwetu, ambako mfugaji anakutana na dawa mara moja kwa mwaka kama ana bahati, habari ya dozi moja si ndogo. Mmoja wa wahakiki alikuwa Daktari Abdiwahab, bingwa wa mifugo anayeheshimika. Aliisifu kwa kurasa mbili. Lul alikuwa amepiga hesabu ya nasaba mpaka babu wa kumi na mbili, safu hazikukutana popote. Mimi nikapanga majedwali, yakapendeza. Ikawa makala yetu iliyosomwa kuliko zote.

Mwaka jana mwezi wa Januari, dada yake Salah, Sahro, aliolewa. Lul ni jirani yao, akaenda alasiri na wanawake wengine. Mnajua arusi zetu: wanawake hukusanyika, ngoma inapigwa, na mtunzi anasimama kutamka buranbur, mashairi ya kumsifu bibi arusi na watu wake. Mtunzi siku hiyo alikuwa mama mmoja aitwaye Jawahir, ambaye akianza kusifu ukoo haachi mtu nje. Alipomaliza upande wa baba akageukia upande wa mama, akawataja wajomba mmoja mmoja, na wa tatu alikuwa Abdiwahab, tabibu wa wanyama, aliyewalea watoto wa dada yake kama wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Lul alikuwa akipiga makofi, akaacha.

Asubuhi yake nilimkuta amekaa, thamosi haijafunguliwa.

"Gelle, keti," akasema. "Iko kitu mbaya nimefanya."

Nilidhani amefiwa.

"Abdiwahab na mama ya Salah, tumbo moja. Huyo ni abti yake. Mjomba kabisa, ndugu ya mama. Na mimi nimebeleka makala ya mtoto kwa mjomba wake." Akalifungua daftari kubwa na kulisukuma kwangu. "Tazama. Baba, baba, baba, mbaka kumi na mbili. Mama sikuuliza hata moja. Mbuzi najua kwa mama. Watu nikauliza kwa baba tu."

Nikatazama safu zile mbili zilizonyooka vizuri. Miaka yote hiyo tumejivunia daftari lile, na nusu ya kila mtu haikuwemo. Kosa hilo lisingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote isipokuwa sisi. Na mjomba kwetu ni nani? Baba atakuchapa, adeer, ndugu wa baba, atakukosoa mbele za watu, lakini abti wako atakufichia hata ukimwibia.

Sasa nitasema jambo la aibu, kwa sababu Lul hangenisamehe nikilificha. Mwezi ule ule kamati ya Nairobi ilikuwa ikitukagua ili kuamua kama jarida letu liingie katika orodha ya majarida yanayotambuliwa. Lul alikuwa amelisubiri jambo hilo miaka saba. Bila orodha hiyo, mhadhiri akichapisha kwetu ni kama ameandika barua kwa shangazi yake. Majibu yalikuwa yatoke baada ya miezi miwili. Nikamwambia, "Nani anajua? Wewe, mimi, na wanawake wa arusi, na wao hawajui wanachojua. Ngoja miezi miwili tu."

Akanitazama juu ya miwani. "Na mwenye mbuzi? Yeye pia angoje?"

"Huenda makala ni sawa."

"Huenda. Ndiyo maana inasomwa tena."

Akaingia kwa Daktari Abdilatif. Mhariri wetu ni mtu mwema, lakini ni mtu wa kupenda mambo yasitikisike. Nilimsikia kupitia ukuta akisema neno "busara" mara nne. Lul alitoka na ruhusa, sijui aliipataje. Nadhani Daktari alichoka kabla yake.

Na hapa ndipo nilipomwona mama huyu alivyo. Ningekuwa mimi, habari ingefika sokoni kabla ya adhuhuri. Yeye hakumwambia mtu. Alimwandikia Salah barua ya siri, ya heshima, akieleza kilichogunduliwa, kwamba makala itahakikiwa upya, na kwamba anaombwa alete madaftari yake ya uwandani. Alimpa siku kumi na nne za kujibu. Akamwandikia na Abdiwahab. Alipoletewa na jirani sahani ya halwa iliyobaki arusini, aliipokea, akashukuru, akaiombea ndoa baraka, na hakufungua mdomo zaidi ya hapo.

Wahakiki wapya wawili, mmoja wa Isiolo na mwingine wa Moyale, hawakukawia. Yule wa Isiolo aliuliza swali moja tu la kweli: mbona jedwali la kwanza lina mbuzi mia moja na ishirini na la tatu lina mia moja na kumi na mmoja? Wale tisa wamekwenda wapi?

Majedwali yale niliyapanga mimi. Nilikuwa nimetazama mistari, nafasi, ukubwa wa herufi. Hesabu iliyo wazi hivyo ilipita mikononi mwangu, ikapita machoni mwa Abdiwahab, ambaye kwa makala ya mtu mwingine yeyote angeiona akiwa amefumba jicho moja.

Salah alileta madaftari. Katika ukurasa wa siku ya tisa mbuzi wale walikuwepo. Wote tisa walikuwa na mimba, na wote tisa walizitupa mimba zao ndani ya wiki moja baada ya sindano. Pembeni aliandika kwa kalamu tofauti kwamba mwenye mbuzi amehamia mtoni, na akawatoa katika hesabu. Kweli yule mwenye mbuzi alihama. Salah alijiambia kwamba aliyehama hahesabiwi, akaliamini. Sidhani alilala akipanga kudanganya. Alitaka matokeo yapendeze, akapata sababu, na mjomba hakumuuliza.

Kwa hiyo makala ilipaswa kuondolewa, na kuondoa makala si kuificha. Inabaki mahali pake ikiwa na tangazo juu yake, kwa herufi nyekundu, linalosema imeondolewa na kwa nini, ili kila atakayeifungua aone. Salah alipoambiwa hivyo hakuja ofisini. Walikuja wazee watatu wa ukoo wake.

Aliyewaongoza ni mzee Kulow, askari wa utawala mstaafu, mtu wa hasira za karibu na fimbo anayoitumia zaidi kuashiria kuliko kutembelea. Lul alisimama, akawapa viti, akasalimu kwa Kisomali salamu zote mpaka ngamia wa mwisho, akamimina chai yenye iliki. Kulow akasafisha koo. Walikuja na maslaha, akasema, suluhu kama desturi ilivyo. Kijana amekosa. Ataomba radhi mbele ya wazee, atachinja, watu watakula pamoja, na karatasi ile ibaki kama ilivyo. Mauaji yanamalizwa hivyo, ije kushindikana kwa karatasi?

Lul akaweka thamosi chini, akahamia Kiswahili. Niliona Kulow akiikaza fimbo yake.

"Mzee, maslaha ni ya watu wamekaa kwa mkeka," akasema Lul. "Aliyeumizwa anakaa, aliyeumiza anakaa, wanamaliza. Hii karatasi inasomwa na mtu hakukaa hapa. Bengine iko Dagahaley, bengine Mandera. Anasoma leo, anadunga mbuzi kesho."

Kulow naye akajibu kwa Kiswahili cha kambi ya askari. "Huyo mtu ya Dagahaley ni nani? Jina yake nani?"

"Sijui."

"Hujui! Humjui na unavunja kijana ya watu kwa ajili yake?"

"Mzee, kama namjua, basi nitamtetea kwa sababu ni wangu. Mimi nawekwa hapa kwa yule sijui jina yake."

Mzee wa pili akanong'ona kitu. Kulow akamnyamazisha kwa mkono. Niliona kwamba ameudhika, lakini pia alikuwa akitafuta, kama askari anavyotafuta kwenye mzigo.

"Haya. Kosa ya Salah itaandikwa nyekundu. Na wewe? Wewe ndiye ulipeleka kwa mjomba. Kosa yako itaandikwa wapi?"

Lul akavuta droo, akatoa karatasi ya tangazo, akampa. Kulow alivaa miwani, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Mimi nilijua kilichoandikwa, maana nilikuwa nimekipanga jana yake huku nikimsihi abadilishe. Daktari Abdilatif alikuwa ameshauri maneno "hitilafu katika utaratibu wa ofisi." Lul aliyakata kwa wino wa kijani, akaandika kwamba mhakiki alikuwa mjomba wa mwandishi kwa upande wa mama, na kwamba katibu wa uhariri, Lul Korane, hakuuliza upande huo.

"Umeweka jina ya baba yako," Kulow akasema.

"Ndiyo."

"Korane marehemu. Kwa kosa."

"Kosa ni ya Lul binti Korane. Si ya utaratibu. Utaratibu hana mikono."

Msomaji asiyetoka kwetu huenda haoni uzito wake. Jina la baba ndilo tunalotembea nalo. Likichafuka, limechafuka juu na chini, kwa waliokufa na watakaozaliwa. Mtu wetu atakubali mengi kabla hajakubali hilo. Mzee Kulow aliikunja miwani, akairudisha karatasi kwa mikono miwili, akanywa chai yake ikaisha. Akasema hawana maneno mengine, wakaondoka. Mlangoni alinigeukia mimi, akaninyooshea fimbo, akasema kwa Kisomali, "Na wewe unayepanga mistari, jifunze kuhesabu mbuzi."

Tangazo likatoka mwezi wa Februari. Lul mwenyewe aliiandikia kamati ya Nairobi akawapelekea nakala, ili wasiambiwe na mwingine. Mwezi wa Machi barua ikaja. Walisema wamepokea, wanatafakari, na kwamba jarida lililoondoa makala yake kubwa kwa kosa la ofisi yake haliwezi kuingizwa orodhani mwaka huu. Tuombe tena mwaka ujao. Daktari Abdilatif hakunisalimu kwa wiki mbili, kana kwamba mimi ndiye niliyeolewa siku ile. Lul alisoma barua mara mbili, akaitoboa, akaiweka katika faili, akafunika macho yake kwa viganja. Alilia. Nasema wazi kwa sababu mtu asidhani alikuwa wa chuma. Miaka saba si kitu cha kumezwa na chai.

Kisha akanawa uso, akavuta fomu ya wahakiki, akaandika chini ya nasaba ya baba mstari mpya: Mama yako ni nani, na ndugu zake ni nani? Na chini yake mwingine: Umeoa au umeolewa kwa nani? Maprofesa wa Nairobi walipiga simu kulalamika kwamba tunawauliza mambo ya posa. Aliwaambia wajaze. Wakajaza. Mmoja, baada ya kuandika majina ya wajomba zake, alipiga tena akasema kwa sauti ya chini kwamba itabidi makala ile apewe mtu mwingine. Lul alimshukuru kama aliyemletea zawadi, na mimi nikaenda nje kucheka kwa furaha.

Mwezi wa Juni Salah alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Alikuwa amekwenda mtoni kumtafuta yule mwenye mbuzi, akampata, akamweleza, akamwomba radhi, na akarudia majaribio yote akiwa na daktari mwingine. Makala yake mpya ilisema kinyume cha ile ya kwanza: kipimo mara mbili kisitumiwe kwa mbuzi mwenye mimba. Mbuzi tisa walikuwa wamerudi jedwalini, kila mmoja na mstari wake.

"Eeddo," akasema, jina la heshima tunalomwita dada wa baba, "umenivunja."

"Mimi si eeddo yako hapa," Lul akamjibu kwa Kiswahili, huku akimvutia kiti. "Jaza fomu. Upande wa mama pia." Salah akacheka, mara ya kwanza tangu Januari, akaandika jina la Abdiwahab kwa herufi kubwa. Alipoondoka, Lul aliihesabu ile mistari tisa kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, na mimi nikahesabu pamoja naye.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ya ofisi ililia. Lul akaweka sauti ya nje kwa sababu alikuwa akibandika stempu. Alikuwa mwanamke, laini ikikatika katika. Alisema ana duka dogo la dawa za mifugo Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi. Makala yetu ya mbuzi alikuwa ameichapa zamani, akaibandika ukutani juu ya kaunta, na watu walikuwa wakija kuisoma kabla ya kununua. Jana mwenzake wa Hagadera alimwomba nakala, akarudi kwenye ukurasa wetu kuitafuta, akaona maandishi mekundu.

"Nimesoma mara tatu," akasema. "Mvua imepita juzi, mbuzi zote huku iko na mimba. Nilikuwa nimeagiza dawa katoni mbili. Sasa ile karatasi nimebandua, na nimebandika hii nyekundu mahali yake. Nilitaka tu kuambia nyinyi nimeona."

Lul alikuwa ameshika stempu hewani. "Walaal," akamwambia, dada, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "jina yako nani?"

"Fartun."

"Fartun." Akaliandika kwa wino wa kijani, nje ya bahasha, kwa sababu hakukuwa na karatasi karibu. Akamshukuru, akakata, akavuta simu yake ya mkononi, akatafuta namba kwa muda. Nikasikia upande wa pili sauti nzito ikisema haye, haye, nani huyo.

"Mzee Kulow," Lul akasema kwa Kiswahili. "Ni Lul Korane, wa jarida. Ile siku uliniuliza mtu ya Dagahaley jina yake nani. Anaitwa Fartun."

Sikusikia mzee alijibu nini. Lul alisikiliza, akasema amina mara mbili, akairudisha simu ndani ya mkoba, akaniagiza nimletee jedwali la tatu la makala mpya ya Salah kabla ya sala ya adhuhuri.